Paa Linapogoma Kukaa

Karatasi ya dalali inasema kiwanja ni miguu 20 kwa 25. Kijana mchora ramani, mwenye kimeza chake kwenye kona ya stesheneri moja jirani na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, anafungua programu na kuchagua futi, kwa kuwa shuleni aliambiwa futi ni mguu. Anaandika 20, anaandika 25. Mteja anataka vyumba vitatu, kimoja masta, pamoja na sebule, jiko na choo cha wageni. Chumba cha kwanza kinaingia. Cha pili kinabanana. Cha tatu kinatokeza nje ya mpaka, na kijana anaanza kuilaumu kompyuta.

Futi 20 ni mita 6.1, na futi 25 ni mita 7.6. Lakini mguu wa dalali wa Chanika au Kivule ni hatua ya mtu mzima anayetembea shambani, nayo haipungukii sana mita moja. Ukienda na utepe, kiwanja hicho huenda kikawa mita 18 kwa 22. Kosa liliingia kabla kompyuta haijawashwa.

Nimeanza hapo kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu programu za kubuni nyumba yana sura hiyohiyo. Paa limepasuka katikati, ukuta umetoboka, sakafu inametameta, ngazi imegonga dari, kompyuta imeganda. Kijana anatafuta video ya dakika tano ya kumwonyesha kitufe cha kubonyeza, na wakati mwingine kitufe kipo. Ila mara nyingi kinachoonekana kama ugonjwa wa programu ni swali kuhusu nyumba ambalo mchoraji hajalijibu. Programu haiwezi kumuuliza, kwa hiyo inalijibu yenyewe kwa desturi za nchi ilikozaliwa.

Na nchi hizo ziko mbali. AutoCAD, inayochora mistari ya ramani nyingi za Dar es Salaam mpaka leo, ilitoka Marekani mwaka 1982. ArchiCAD ya Hungaria ilianza mwaka 1984 na ina wapenzi wengi miongoni mwa wabunifu majengo wa hapa. SketchUp ilizaliwa Colorado mwaka 2000, ikanunuliwa na Google mwaka 2006 kisha na Trimble mwaka 2012. Hiyo ndiyo ya kijana anayejifundisha mwenyewe. Sweet Home 3D, ya bure, iliandikwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret na kutolewa mwaka 2006. Chief Architect na mdogo wake Home Designer ni za jimbo la Idaho, ambako nyumba ya kawaida ni fremu ya mbao iliyovikwa mbao kwa nje na paa la miteremko linalomwaga theluji. Mtu wa Kariakoo akiifungua mara ya kwanza na kuvuta ukuta, anavuta ukuta wa Idaho.

Uone kinachotokea ukiipa programu ya namna hiyo nyumba ya Kiswahili, ile iliyoijaza Kariakoo kabla ya maghorofa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma uwani wenye jiko, stoo na choo, vyote ndani ya ukuta mmoja. Mchoraji anafunga ukuta wa uwani kwenye nyumba. Mara moja uwani unapata sakafu, dari na paa. Anafuta paa, linarudi. Anafuta tena, linarudi tena. Programu haijakosea. Imefundishwa kwamba eneo lolote lililozungukwa na kuta ni chumba, na chumba huezekwa. Haijui kuna sehemu ya nyumba ambayo watu hupika, hufua, husukana na kulala usiku wa joto bila kitu juu yao isipokuwa mbingu. Dawa ni kuiambia: kulipatia eneo lile aina ya chumba kisicho na dari, au kuuchora ukuta wa uwani kama uzio. Ni kazi ya nusu dakika kwa anayejua kwamba uwani ni jambo la kutangazwa. Asiyejua hupoteza mchana mzima akipigana na kitufe cha paa.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Hapo mchoraji anataka chumba, na programu inakataa kukiona. Kwenye Sweet Home 3D ukibofya mara mbili ndani ya kuta zilizofungana, sakafu inajitandika yenyewe. Zikiwa hazijafungana, hakuna kinachotokea, wala hupewi sababu. Kwenye SketchUp mistari minne inaonekana imekutana lakini uso haujai. Kwenye Revit, programu nyingine ya wabunifu majengo, chumba kinaandikwa kwamba hakijafungwa. Chanzo ni pengo dogo kuliko unene wa mstari kwenye kioo, milimita mbili au tatu kwenye kona mojawapo, nayo kona hiyo hutaiona mpaka uisogelee kwa karibu.

Kuna namna ya kulitafuta bila kukagua kona zote. Chora mstari wa muda unaoligawa eneo nusu kwa nusu. Nusu itakayokubali kujaa ni nzima, na ugonjwa uko nusu ya pili. Igawe nayo. Baada ya mara tatu au nne umeubana kwenye kipande kimoja. Mafundi umeme wa Mtaa wa Aggrey hutafuta shoti kwa akili hiyohiyo, wakikata njia vipande mpaka wabaki na kipande kibovu. SketchUp inaongeza dalili nyingine ambayo wengi huipita: alama ya kiwimbi kidogo mbele ya kipimo. Ukiona kiwimbi mbele ya mita 3.00, jua si mita 3.00, ni 2.998 au 3.003 iliyosawazishwa kwa ajili ya macho. Na kona moja ikiwa juu kwa milimita moja, mistari haiko tena kwenye bapa moja, na uso hautajaa hata ukichora mara kumi. Mishale ya kibodi, inayofungia mstari kwenye mhimili mmoja wakati wa kuchora, inazuia tatizo hili kuliko dawa yoyote inayokuja baadaye.

Hapo ndipo tunafika kwenye unene wa ukuta, na ningewaomba wachoraji wakae hapa kuliko wanavyokaa. Tofali la inchi 6 ni milimita 150. Lipu, tuseme milimita 15 kila upande. Ukuta uliokamilika ni milimita 180. Anayechora 150 atakuambia tofauti ni ndogo, hakuna atakayeiona. Haya, kata nyumba ya Kiswahili kwa upana: ukuta wa nje, chumba, ukuta wa korido, korido, ukuta wa korido, chumba, ukuta wa nje. Kuta nne, nyuso nane, kila moja milimita 15. Jumla milimita 120. Kama kiwanja kimebana na ukuta wa nje hauna pa kusogea, sentimita hizo zinatoka ndani, kwenye korido au kwenye choo kilichochorwa mita 1.2 tangu mwanzo. Vigae vya choo bado sijavihesabu. Fundi ndiye atakayegundua, siku mlango utakapokataa kufunguka kwa sababu ya sinki.

Unene una ujanja mwingine. Programu nyingi huushikilia ukuta kwa mstari mmoja wa rejea, ambao waweza kuwa katikati, upande wa ndani au wa nje. Wengi huuacha katikati kwa sababu ndivyo programu ilivyokuja. Sasa chukua jengo la Kariakoo: chini kuta za milimita 230, juu kuta za 150. Mchoraji ananakili ghorofa ya chini kwenda juu, kisha anabadilisha unene. Mstari wa katikati haukusogea, lakini uso wa nje umerudi ndani kwa nusu ya tofauti, yaani milimita 40. Kwenye picha huoni kitu. Programu inayoezeka yenyewe, kwa upande wake, inaona kuta mbili za nje mahali pasipo na kuta mbili, na mahali palipotokeza inaezeka kipaa chembamba cha upana wa sentimita nne. Kijana anakiona kimening'inia katikati ya jengo kama utepe na kuuliza kimetoka wapi. Kimetoka ghorofa ya pili, siku alipobadilisha unene. Akihamishia mstari wa rejea kwenye uso wa nje kabla ya kugusa unene, kinatoweka chenyewe.

Paa ndilo lenye mashtaka mengi kuliko yote, na nadhani ni kwa sababu ndipo mahali ambapo mchoraji ameizoea programu imfikirie. Anabonyeza "jenga paa" na paa linajengeka. Kwa nyumba ya mstatili hakuna neno. Tatizo linaanza nyumba ikiwa na mkono, umbo la herufi L, ambalo ndilo wateja wengi wa nyumba za Mbezi au Chamazi wanalipenda.

Tuseme sehemu kubwa ina upana wa mita 8 na mkono una mita 5. Mteremko ni nyuzi 30 kote. Paa la sehemu kubwa litapanda mita 2.31 juu ya ukuta, la mkono mita 1.44 tu. Kofia ya mkono itakuwa chini ya kofia kubwa kwa sentimita 87. Hesabu ndivyo inavyotaka, na paa la namna hiyo ni zuri na halivuji. Lakini mteja ameona picha mtandaoni ambayo kofia zote ziko sawa, na anaitaka hiyo. Mchoraji anainua mteremko wa mkono mpaka kofia zilingane: karibu nyuzi 43. Kofia zimelingana, na sasa ubao wa pembeni umekataa kukutana kwenye kona. Anafikiri programu ina kasoro. Haina. Paa limetokeza nje ya ukuta sentimita 60 pande zote. Kwa nyuzi 30, ncha yake inashuka sentimita 35 chini ya usawa wa ukuta. Kwa nyuzi 43 inashuka 55 au 56. Ncha mbili zinazotofautiana kwa sentimita 20 haziwezi kukutana, si kwenye kioo wala Chamazi.

Kuna njia tatu za kutoka. Kubali kofia zisilingane. Au punguza kutokeza kwa paa upande wa mkono, kutoka sentimita 60 hadi kama 37, ili ncha zishuke kiasi kimoja. Au panua mkono. Kila njia inabadilisha nyumba: kivuli juu ya dirisha, idadi ya mabati, urefu wa mbao za kenchi. Haya ni maamuzi, na ilipasa yafanywe na mchoraji pamoja na mteja mezani. Yasipofanywa pale, yatafanywa na fundi wa kenchi juu ya ukuta, saa saba mchana, kwa msumeno.

Paa la kuficha, lile lililoingia kwa kishindo na kufanya kila nyumba mpya ionekane boksi, ni kesi ya peke yake. Programu zilizozoea paa la kutokeza hazilipendi. Ukuta ukiupandisha juu ya paa, programu inaukata uishie chini ya bati. Ukikataza usikatwe, bati linapenya na kuchungulia nje. Namna inayofanya kazi ni kuliezeka paa ndani ya kuta bila kutokeza, kisha kuusimamisha ukuta wa juu kama ukuta wa peke yake ulioketi juu ya ule wa chini. Lakini vijana wengi wamegundua njia ya mkato: wanaweka bamba jeupe bapa juu ya nyumba, wanalizungushia ukuta, wanapiga picha. Kwa mbele inapendeza. Mteja analipa.

Chini ya bamba lile hakuna paa. Hakuna aliyepanga maji yataelekea wapi. Bati linaloelekea upande mmoja kwenye nyumba yenye upana wa mita 8, kwa mteremko mdogo wa nyuzi 5, linahitaji sentimita 70 za kupanda. Ongeza mbao na unene wa bati, na ukuta wa kuficha wa sentimita 60 uliomo kwenye picha hautoshi. Fundi atafanya moja kati ya mawili: aongeze kozi za tofali na kuharibu sura aliyolipiwa mteja, au alaze bati mpaka liwe karibu bapa. Wengi hulaza. Kisha inakuja masika. Nyumba ya mita za mraba 100 ikinyeshewa milimita 50, jambo la kawaida Dar es Salaam kati ya Machi na Mei, inapokea lita 5,000 za maji, tangi zima jeusi la wale wanaouza Gerezani, na yote yapite kwenye tundu moja la bomba nyuma ya ukuta. Dari la jipsamu haliwezi kuhimili hayo. Katika kasoro zote nilizozitaja, hii ndiyo ninayoiona mbaya zaidi, kwa kuwa programu hailalamiki hata kidogo. Bamba jeupe ni umbo halali.

Ngazi nitazipita haraka, ingawa nazo zina vituko. Ghorofa ya chini ya jengo la fremu za maduka huwa ndefu, mita 4.2 kwa mfano, ili rafu zipande au mwenye duka aweke kidari cha stoo. Kwa kupanda milimita 175 kila daraja, hizo ni hatua 24, na kwa kukanyagia milimita 280 unahitaji mita 6.4 za mlalo. Anayevuta ngazi moja iliyonyooka kwenye kiwanja chembamba ataiona imegonga ukuta wa jirani. Anayeikunja katikati ataiona imegonga jamvi la juu, kwa sababu programu nyingi haziikati jamvi mpaka uziagize. Tundu likatwe, na urefu wa kichwa upimwe: chini ya mita 2, mtu mrefu aliyebeba balo la vitenge hapiti.

Kuna pia vitu vilivyopotea ambavyo havikupotea. Mchoraji wa Revit ameweka dirisha dogo la choo, lipo kwenye picha ya 3D, halipo kwenye ramani ya sakafu. Analiweka tena. Sasa kuna mawili. Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa kisu cha mlalo, kwa kawaida mita 1.2 kutoka chini, na dirisha la choo la kwetu huanzia juu ya hapo ili mpita njia asichungulie. Kisu kipandishwe kwenye sehemu ile, basi. Kabla ya kuchora upya kitu chochote kisichoonekana, angalia kwanza kama leya yake imezimwa au kama kisu kimekipita.

Sakafu inayometameta unapozungusha modeli, kama televisheni mbovu, ina maana nyuso mbili zimelala mahali pamoja na kompyuta haijui ipi iwe juu. Mara nyingi ni dari la chini na sakafu ya juu, zilizochorwa na watu wawili au na mtu mmoja siku mbili. Futa moja. Usiinyanyue kwa milimita moja ili itulie, maana ghorofa kumi baadaye umejijengea sentimita nzima ambayo haimo kwenye hesabu ya zege ya mtu yeyote.

Kumetameta kwingine hakutokani na hilo, na huwachanganya hata wenye uzoefu. Mistari inatetemeka, duara linakuwa na meno, kipimo kinaruka. Ukiuliza, utaambiwa modeli ilianzia kwenye ramani ya mpima ardhi. Ramani za upimaji hutumia viwianishi vya kitaifa, na vya Dar es Salaam vinasomeka kama mita 530,000 kuelekea mashariki na mita milioni 9.2 kuelekea kaskazini. Jengo la upana wa mita 12 limeketi kilomita elfu tisa kutoka kwenye sifuri ya programu. Kompyuta inapochora picha hubeba tarakimu saba hivi tu kwa kila namba. Saba zikiisha kwenye mamilioni ya mita, hazibaki za milimita. Sogeza kila kitu karibu na sifuri, uandike mahali panapoonekana umesogeza kiasi gani, ili mpima akirudi mpatane. Nimewahi kupokea modeli iliyosogezwa bila maandishi hayo. Tulipoteza siku mbili kujua mpaka wa jirani uko wapi.

Kuhusu kompyuta kuganda: laptopu zinazouzwa kwa bei nafuu mitaa hii nyingi zimetumika Ulaya au Uarabuni na hazina kadi ya picha ya maana, hilo ni kweli. Lakini kabla ya kuongeza memori, angalia makochi. Kochi lililopakuliwa mtandaoni, lenye mshono wa uzi kwenye kila mto, laweza kuwa na nyuso nyingi kuliko jengo lililolibeba. Hata vitu ulivyovichora mwenyewe vinalemea. Duara la SketchUp, usipoliambia kitu, ni umbo la pande 24. Chuma kimoja cha kibarazani kikichorwa kwa duara hilo kina nyuso 26 ukihesabu ncha zake. Vyuma 40 kwa ghorofa, ghorofa kumi: nyuso 10,400 kwa kitu ambacho kwenye picha ni kijiti. Kwa pande 8 zinashuka hadi 4,000, na hakuna jicho litakalojua. Umeme nao unakatika bila kuaga, kwa hiyo kuhifadhi kila dakika kumi ni desturi njema. Anayetumia programu iliyovunjwa kufuli, ikajizima katikati ya kazi, ajue pia amechagua bahati yake.

Mpaka hapa nimeongelea kasoro zinazojitangaza. Hizo ni rafiki wa mchoraji. Zinamkera, zinamchelewesha, lakini zinamwonyesha mahali nyumba haijafikiriwa.

Wazee waliochora kwa mkono hawakuwa na kitufe cha paa, na kwa hiyo hawakuwa na njia ya kuliahirisha. Beda Amuli alipobuni jengo la soko la Kariakoo, lililojengwa miaka ya 1970, ile miavuli mikubwa ya zege ilibidi ifikiriwe mkato kwa mkato, kwa penseli, kabla ya nondo ya kwanza kukunjwa. Sisemi turudi kwenye penseli. Penseli nayo ilikosea, na kurekebisha kosa lake kulichukua wiki nzima. Nasema kwamba mkato ulikuwa lazima wakati ule, na sasa umekuwa hiari. Kwenye kazi ndogo za mitaani mara nyingi hauchorwi kabisa.

Na kuna jambo ambalo programu ya kubuni nyumba haitakuambia hata uisubiri mwaka. Fungua modeli yoyote ya ghorofa sita kwenye SketchUp. Chagua nguzo za chini zote, zifute. Jengo litabaki limeelea, na vivuli vyake vitamu vilevile. Chimba chini ya msingi, ongeza ghorofa mbili juu, toboa ukuta ili fremu mbili ziwe moja: hakuna ujumbe wa onyo, kwa kuwa programu hizi zinajua maumbo na hazijui uzito. Kujua uzito ni kazi ya mhandisi na programu nyingine, kama ETABS, na majibu yake hutegemea udongo uliopimwa na zege lililopimwa.

Kariakoo haina haja ya kukumbushwa. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, ghorofa lilianguka Kariakoo kwenyewe, maduka yakiwa wazi. Waliokufa walipita 20, na serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo zima. Hakuna anayesema kompyuta iliyaangusha. Ninachosema ni kwamba picha nzuri ya jengo na jengo linalosimama hutengenezwa na watu tofauti, na mteja anayelipia ya kwanza mara nyingi hudhani amepata na ya pili. Ndiyo maana sheria ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ina ya makandarasi, na halmashauri inadai michoro ya mbunifu na ya mhandisi kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Kijana wa kimeza, hata akiwa hodari wa modeli kuliko wote mtaani, hawezi kusaini mahali pao.

Huyo kijana simdharau. Baadhi yao wameing'amua programu kuliko waliosomea, na wanakula jasho lao. Nawaomba jambo moja tu: siku paa litakapogoma kukaa, wafunge ile video kwanza, wachukue karatasi na wachore mkato wa mahali pale kwa mkono, kuta kwa unene wake wa kweli, bati kwa mteremko wake wa kweli. Mara nyingi hitilafu itaonekana kabla kalamu haijafika kwenye kofia.

Nawe mteja, ukienda kuchukua ramani yako usiishie kwenye picha ya mbele. Omba mkato unaopita kwenye paa na mwingine unaopita kwenye ngazi au chooni, vyote viwe na vipimo. Mchoraji akikuambia vitachukua siku mbili zaidi, mpe siku mbili, na umlipe.